Nilisikia "saba" sokoni Bamako nikatoa mia saba: neno moja fupi, lugha nyingi, koo mbalimbali

#1 Mama Bazini

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke pembeni ausome jioni akishatulia.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa, Kariakoo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuata bazini Bamako, Mali, ile nzito inayotiwa rangi kwa mikono na kina mama wa kule. Ikishakauka, vijana wawili hukaa wameelekeana, kila mmoja na rungu lake la mti, wakaipiga juu ya gogo mpaka ing'ae kama imepakwa mafuta. Ukikaribia mtaa wao unausikia mdundo kabla hujawaona.

Safari yangu ya kwanza sikujua neno hata moja la Kibambara, na Kifaransa changu kilikuwa cha salamu tu. Siku ya pili nikaenda Suguba, soko kubwa la katikati ya mji, kununua maembe. Msimu ulikuwa umepamba moto, maembe yamepangwa mafungu mafungu. Nikamwonyesha mama muuzaji fungu moja, nikamuuliza bei kwa mkono. Akasema: "Keme saba."

Jamani, nilisikia Kiswahili. Nimetoka Dar, nimepita Addis Ababa, nimevuka bara zima, na mama wa Bamako ananitajia saba! Nikafungua pochi, nikampa faranga 700. Akatikisa kichwa. Akainua vidole vitatu, akarudia polepole: "Sa-ba." Nikadhani amenipunguzia. Nikazichukua zile 700, nikampa 300. Hapo akashika kiuno, akamwita kijana wa duka la jirani aliyejua Kiingereza.

Kijana akanifundisha papo hapo, mbele ya maembe. Keme ni mia. Saba ni tatu. Nikamwambia, basi si ndizo hizo mia tatu nilizompa? Akasema hapana, hapa sokoni hatuhesabu faranga moja moja, tunahesabu dorome, na dorome moja ni faranga tano. Mia tatu za dorome ni faranga 1,500.

Nikalipa 1,500, na mama akaniongezea embe moja juu. Mliokula chumvi nyingi hapa Dar mtaielewa hesabu hiyo upesi, maana shilingi tano yetu iliwahi kuitwa dala, na dala mbili zilikuwa shilingi kumi. Tofauti ni kwamba kwetu dala ilibaki kwenye jina la daladala, wao hesabu yote ya sokoni bado inapita kwenye tano tano.

Usiku ule nikamwomba yule kijana aniandikie namba zao. Nazitaja kama ninavyozisikia: kelen, fila, saba, naani, duru, woro, wolonwula, segin, kononton, tan. Saba yetu kwao ni wolonwula. Saba yao kwetu ni tatu.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nifungue uzi. Nilipolichimba jambo hili nikagundua kuwa siku ile sokoni nilizungukwa na maneno ndugu na ya Kiswahili, nikayapita yote bila kuyatambua. Lile moja nililolikumbatia ndilo lilikuwa mgeni kabisa.

Chukueni *dorome*. Ni dirhamu. Neno la Kiarabu lililosafiri na wafanyabiashara wa jangwani, Wabambara wakalitafuna mpaka likakaa kinywani mwao. Chukueni jina la soko lenyewe, Suguba. *Ba* mwishoni ni kubwa, *sugu* ni soko, kutoka Kiarabu *suq*, mlemle lilimotoka "soko" letu. Mtanzania akisikia sugu anafikiria ngozi ya kisigino, kumbe ni binamu wa soko. Alhamisi wao wanaita *alamisa*. Hayo yote ni ndugu wa damu, ila sura zimebadilika.

Saba na saba zimefanana kama mapacha, na hazina hata babu mmoja.

Saba yetu asili yake inajulikana. Ni *sab'a* ya Kiarabu, pamoja na sita na tisa. Zilizobaki mpaka kumi, yaani moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi yenyewe, ni za Kibantu. Kwa hiyo ukihesabu moja mpaka kumi kwa Kiswahili unaingia na kutoka kwenye lugha mbili mara kadhaa bila kuhisi mshtuko wowote. Sita ilikuwa tandatu, tisa ilikuwa kenda, na wapo wazee wa pwani ambao kenda bado iko ulimini mwao.

Na saba ilikuwa nini? Ilikuwa mfungate.

Ndiyo, ile ile. Maharusi wakiingia fungate tunajua ni mapumziko ya ndoa. Lakini neno lenyewe ni hesabu: siku saba ambazo bibi harusi alikaa ndani na somo wake, hatoki, anapikiwa, anasingwa. Namba iliondoka sokoni na kwenye daftari, ikabaki chumbani kwa maharusi. Nililia kidogo nilipoelewa hilo, sioni haya kusema. Niliolewa nikakaa fungate nzima na sikujua nimekaa ndani ya namba.

Wagogo bado wanahesabu mufungate. Wanyamwezi mpungati. Wachaga mfungare. Ngazija ni mfukare. Waswahili tulibadilisha, wenzetu hawakubadilisha.

Naomba mliotembea, mnaosoma nje, mnaofanya kazi na wageni: hii "saba" mmekutana nayo wapi, na huko maana yake ni nini? Nataka maana mliyoisikia kwa masikio yenu, na mkijua asili yake semeni.

#2 Mpemba Halisi

Mama Bazini, asante kwa uzi uliokwenda shule. Mie sijatoka nje ya nchi lakini nina saba moja ambayo wengi hapa wameinywa.

Mabungo. Yale matunda ya manjano ya mti unaotambaa, ganda gumu, ndani kokwa zimevikwa nyama chachu kama embe na chungwa vilivyopigana. Sisi Pemba tunayachuja na sukari tukapata juisi ambayo mgeni akinywa mara moja anauliza tena kesho. Jina lake la kitaalamu, lile la Kilatini la wataalamu wa mimea, ni *Saba comorensis*. Comorensis ni ya Ngazija. Na yuko ndugu yake Afrika Magharibi, *Saba senegalensis*, tunda nalo chachu, linaliwa Senegal, Mali mpaka Burkina Faso.

Kwa hiyo dada ukirudi Bamako ulizia tunda hilo. Usije ukaambiwa saba saba ukalipa mara mbili.

#3 Mama Bazini

Mpemba, umenipa zawadi. Bungo nimelinywa tangu utoto nikienda kwa shangazi Chake Chake na sikujua jina lake la pili. Nitaliulizia, na nitaleta jibu.

#4 Kijana wa Osaka

Wakuu, niko Japani masomoni mwaka wa tatu. Huku saba ni samaki. Na si samaki wa mbali, ni kibua! Jamii ya vibua tunaowakaanga Tanga na Mombasa, ila wa bahari yao ni wakubwa na wana mafuta mengi. Wanamchoma kwa chumvi, au wanamlaza kwenye siki. Wiki ya kwanza niliona bango la mgahawa, nikasoma herufi zao za silabi, *sa-ba*, nikadhani ni bei au ni namba ya meza.

Ila kuna jambo moja litakalokufurahisha Mama Bazini, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Wajapani wana usemi, *saba o yomu*, yaani "kusoma vibua". Maana yake ni kudanganya kwenye idadi, hasa umri. Mtu wa miaka 40 akisema ana 35, wanasema anasoma vibua. Maelezo ninayopewa na wenyeji ni kwamba kibua huharibika upesi sana, wachuuzi walihesabu mbio mbio kabla hajaoza, na hesabu ikawa haiaminiki. Na hilo "kusoma" zamani lilibeba pia maana ya kuhesabu.

Lingine la haraka: saba kwa Kijapani ni *nana*. Mwaka wa kwanza nikisikia nana kichwa kinaandika nane. Nimeshawahi kufika kwenye jukwaa namba 8 la treni nikiwa nimeambiwa 7, treni ikaondoka naiona.

#5 Mtafuta Asili

Naona mnazunguka tu. Ushahidi uko wazi. Saba iko Kiswahili, iko Mali, iko Japani, iko kwa Waebrania. Malkia wa Saba alikuwa Mwafrika. Sabato ni siku ya saba, hata mtoto anaona neno saba limo ndani ya Sabato. Hizi lugha zote ni moja, zilitawanyika. Kwa nini mnaogopa kulisema? Wataalamu wa nje ndio waliotutenganisha.

#6 Mama Bazini

Mtafuta Asili, nakujibu kwa heshima na kwa urefu, kwa sababu swali lako nami nililibeba miezi kadhaa. Nilipotoka sokoni siku ile nilitamani sana iwe hivyo unavyosema.

Anza na Sabato, maana ndiyo inayowanasa wengi. Kwa Kiebrania Sabato ni *shabbat*, na mzizi wake ni wa kukoma, kuacha kazi, kupumzika. Saba kwa Kiebrania ni *sheva*, mzizi mwingine, unaomalizikia kwa herufi ayini ambayo Kiswahili hatuna. Kwenye Mwanzo sura ya 2 Mungu alipumzika siku ya saba, kwa hiyo maneno mawili yamekaa jirani kwenye maandiko tangu hapo. Lakini jirani si ndugu. Waarabu nao wamezitenga vilevile: *sabt* ni Jumamosi, *sab'a* ni saba. Sisi ndio tulioandika Sabato kwa herufi zetu ikaonekana kama saba imeongezewa mkia.

Sasa tazama undugu wa kweli unavyojionyesha. Sheva ya Kiebrania na sab'a ya Kiarabu ni ndugu. Nitajuaje wakati hazifanani sana? Kwa sababu *sh* ya Kiebrania inakutana na *s* ya Kiarabu katika msururu wa maneno, si neno moja. Shalom na salaam. Rosh na ra's, yaani kichwa, ndiyo "rasi" yetu ya pwani. Lashon na lisan, ulimi. Ukishaona mlango mmoja unafunguka kwa ufunguo uleule mara tatu, mara nne, hapo unajua mmejenga nyumba moja. Na Waethiopia wamo humohumo: kwa Kiamhari saba ni *sebat*, na *seba* ni sabini. Nilipokuwa nasubiri ndege Addis Ababa huenda nilitajiwa sabini nikaelewa saba, na hapo ningekuwa nimekosea ndani ya ukoo.

Lakini Waebrania wana *saba* nyingine pia, na hii ndiyo nzuri: ni babu. Mtoto wa Israeli akimwita babu yake anasema saba. Neno hilo limetoka Kiaramu, maana yake mzee. Halina uhusiano na sheva. Kwa hiyo hata ndani ya lugha moja iliyo ndugu na Kiarabu, neno linalofanana na saba yetu si ndugu wa saba yetu, na lililo ndugu halifanani.

Kuhusu Wajapani, ndugu yangu, hebu tupige hesabu. Chukua lugha yenye irabu 5 kama yetu na konsonanti 20 tu. Silabi za kawaida zitakuwa 100. Maneno yote ya silabi mbili yanayoweza kutengenezwa ni 100 mara 100, yaani 10,000. Basi. Na kila lugha ina maelfu ya vitu vya kuvipa majina, kutoka kwenye ghala hilohilo dogo. Duniani kuna lugha takriban 7,000. Kiswahili, Kijapani na Kibambara zote zinapenda silabi inayoishia kwa irabu, na *s*, *b* na *a* ni sauti zilizotapakaa kila mahali. Jambo la kushangaza lingekuwa saba isitokee kwingine.

Sijaandika haya kututenganisha. Yule mama wa maembe na mimi tumeunganishwa na dirhamu, na soko, na Alhamisi. Hayo yana barabara, yana misafara, yana watu waliotembea. Nikimwambia undugu wetu ni saba nitakuwa nimeshika kitu cha bahati nikaacha kilichotendeka.

#7 Mswahili Maskati

Assalaam alaykum. Nimezaliwa Unguja, nimekulia Maskati, nyumbani tunasema Kiswahili na shuleni nimesoma Kiarabu. Mama Bazini kaeleza vizuri, naongeza la herufi.

Mswahili anapoandika s-a-b-a kwa herufi za Kizungu anamwaga vyombo vinne kwenye sinia moja. Kuna *sab'a* yenye ayini mwishoni, hiyo ni namba. Kuna *Saba'* yenye hamza, hiyo ni nchi ya kale ya Yemen, mji wake Marib uliosifika kwa bwawa lake, na ndiyo jina la sura ya 34 ya Kurani. Biblia ya Kiswahili inaiita Sheba. Kuna *saba* ya herufi swadi, hiyo ni upepo wa mashariki ambao washairi wa Kiarabu wanautuma upeleke salamu kwa mpenzi. Na watu wa taarabu na wasomaji wa Kurani wanajua kuna maqamu ya Saba, yaani mpangilio wa sauti wa kuimbia au kusomea, ile inayoukunja moyo kwa huzuni. Nayo ni ya swadi. Maqamu ya Saba si ya saba katika orodha yoyote, nimeshawasikia watu wakisema hivyo.

La mwisho ni *sabah*, asubuhi, ambayo mwishoni ina ha nzito. Mzizi wake ndio uliotupa "asubuhi", na yenyewe ndiyo iliyotupa "sabalkheri". Bibi yangu akiamka alikuwa akisema sabalkheri kwa kila mtu ndani ya nyumba, nami nikiwa mdogo nilidhani anatuombea heri saba. Nilihesabu: nyumbani tulikuwa watu saba. Ikanikaa hivyo mpaka nilipofika darasa la tatu na mwalimu akaandika neno ubaoni kwa Kiarabu.

Wazee wetu walipokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwenye elimu aliweza kuziona tofauti hizi kwenye karatasi ingawa mdomoni zilikwishapotea.

#8 Mtafuta Asili

Hilo la sabalkheri sikulijua. Na Sabato nimekubali, nimeenda kuangalia. Lakini Mama Bazini umekwepa kitu. Kwenye orodha yako Wamali wana *naani*, nne. Sisi nne. Hapo napo ni bahati?

#9 Mama Bazini

Sijakwepa, na nafurahi umeiona maana ndiyo sehemu ngumu. Mwaka 1963 Joseph Greenberg aliweka lugha za Kibantu na za Kimande, yaani kundi la Kibambara, katika ukoo mmoja mkubwa wa Niger-Kongo. Nne na naani ni aina ya neno ambalo wanaokubaliana naye huliangalia kwa makini. Wengine mpaka leo wanatilia shaka kama Kimande kimo kweli. Kwa hiyo hapo mlango haujafungwa.

Ila angalia hata hivyo. Kama tuna undugu na Wabambara wa zama za mbali kabisa, ukoo huo utaonekana kwenye nne na naani, si kwenye saba. Saba yetu imekuja juzi kwa jahazi. Haiwezi kuwa shahidi wa mambo yaliyotokea kabla haijafika pwani. Shahidi wa Kibantu ni mfungate, na mfungate na wolonwula hazionani hata kwa darubini.

#10 Kaloleni Mzawa

Habari zenu kutoka Kilifi. Mimi Mgiriama, na uzi huu umenirudisha jikoni kwa hawe, yaani nyanya yangu.

Kwetu saba ni fungahe. Nane ni nane, tisa ni chenda, kumi ni kumi. Hawe alikuwa akihesabu mahindi ya mbegu jioni, anayatandaza kwa ungo, anayasukuma kwa kidole gumba moja moja. Mimi nilikuwa narudi kutoka shule na saba yangu ya Kiswahili. Akifika fungahe namwambia "saba!", ananiangalia, anaendelea chenda. Nilidhani hajui hesabu za kisasa. Leo ndiyo nimefahamu kwamba yeye ndiye aliyekuwa amekaa na namba, mimi nilikuwa nimeletewa.

Na ule ufunguo wa mlango uliousema uko hapa. *t* yenu ya Kiswahili mara nyingi kwetu ni *h*. Moto ni moho. Fungate ni fungahe. Tatu ni hahu. Ukimpa Mgiriama neno fungate hata kama hajawahi kulisikia, sikio linamwambia hili ni letu.

Nami sikujua fungate ya harusi ni fungahe. Sisi vijana huku tunasema hanimuni.

#11 Baharia Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Nimefanya kazi melini miaka mingi, na melini ukiwa Mswahili basi pande zote umezungukwa na Wafilipino. Watu wema sana, na wanapika.

Kule saba ni ndizi. Ndizi fupi, nene, ina pembe pembe, aghalabu ni ya kupika. Mpishi wetu alikuwa akizikaanga na sukari mpaka sukari inashika kama ganda, anachoma kijiti katikati. Ijumaa jioni zilikuwa zikiisha kabla ya chai.

Halafu kulikuwa na fundi mmoja wa chumba cha mashine, Mfilipino wa visiwa vya kati, lugha yake Kisebuano. Nao hao saba yao ni kelele. Watu wakizidi kupiga soga mezani anageuka anasema kwa ukali, "Saba!" Maana yake nyamazeni. Mara ya kwanza nilisimama nikaanza kuhesabu watu, nikidhani ametaka wafanyakazi saba washuke chini. Nikamletea sita na mimi wa saba. Akatuangalia wote tumepanga mstari mbele yake na taulo mabegani. Ilibidi nahodha msaidizi aje kutafsiri.

Ndani ya meli moja basi, jikoni saba ni ndizi, mezani saba ni kelele, kwangu mimi ni namba.

#12 Mama Bazini

Shikamoo mzee. Hilo la mstari na taulo nimelisoma mara tatu.

#13 Mwalimu wa Zamu

Naongeza la Kihausa, maana nilifundisha na Mnijeria. Kwao *saba* ni kuzoea. "Na saba" ni nimezoea. Alikuwa akiulizwa kuhusu joto la Dar anajibu "na saba", wenzangu ofisini wanasubiri namba ya kwanza, na saba na ngapi tena? Na wana *saba* nyingine yenye *b* ya kumeza hewa ndani, ambayo ni kwenda kinyume, kuvunja sheria. Ukikosea kuvuta pumzi unageuka mvunja sheria. Saba yenyewe ya hesabu kwao ni *bakwai*.

Tusisahau vilevile kwamba hata ndani ya Kiswahili neno hili limegawana njia. Mtanzania ukimwambia Sabasaba anawaza kuzaliwa kwa chama cha TANU, 7 Julai 1954, na siku hizi maonesho ya barabara ya Kilwa, watoto na lambalamba. Mkenya anawaza 7 Julai 1990, Kamukunji, mabomu ya machozi na madai ya vyama vingi. Na Mganda aliyekuwa mtu mzima mwaka 1979 anakumbuka mizinga ya roketi ya jeshi la Tanzania, kwa sababu hilo ndilo jina waliloipa mizinga hiyo. Neno ni lilelile la Kiarabu, lugha ni hiihii, na mmoja anatabasamu, mwingine anajishika kichwa.

#14 Mama Bazini

Mwalimu, hilo la Waganda limenigusa. Mume wa dada yangu ni mtu wa Masaka na siku zote tarehe hiyo tukimwalika kwenye maonesho alikuwa na udhuru. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nitamuuliza kwa upole.

Naleta na jibu nililomwahidi Mpemba. Leo mchana nilimpigia mama wa maembe, maana tangu siku ile tumekuwa marafiki, na binti yake anatutafsiria kwa Kifaransa ambacho sasa angalau nakishika. Tunda nimemweleza: la manjano, mti unatambaa, chachu. Akapiga kelele ya furaha. Kwao ni *zaban*. Watoto wanalifyonza wakitoka shule, na kuna wanaolitia pilipili na chumvi, kama sisi na embe bichi.

Halafu akaniomba nimhesabie kwa Kiswahili, hajawahi kusikia. Nikaanza moja, mbili, tatu. Nikafika nne, akasema ee, naani. Tano, sita. Nikasema saba, simu ikanyamaza. Nikasikia anamuuliza binti yake kitu. Binti akaniambia, "Mama anasema umerudi nyuma."

Nikamwambia hapana, nakuja. Nikaanza upya kwa namba za zamani, zile za kabla ya jahazi, kama nilivyozisoma na kama hawe wa Kaloleni alivyozihesabu kwenye ungo. Moja, mbili, tatu, nne, tano, tandatu, mfungate, nane, kenda, kumi. Safari hii hakunikatiza. Nilipomaliza akanihesabia zake, kelen mpaka tan, polepole, na kwenye saba akakaa kidogo ili niinue vidole vitatu. Niliviinua, ingawa hakuwa akiniona.

Bazini mpya inafika wiki ijayo. Kaloleni Mzawa, kama una harusi huko ya kukaa ndani siku fungahe, niandikie pembeni, nina kipande cha rangi ya zambarau nimekiweka.